"Alikatisha Barabara Ghafla": Maswali Yanayoachwa Katika Habari za Ajali za Baiskeli Mwanza

Mkazi wa Igoma amefariki dunia baada ya baiskeli aliyokuwa akiendesha kugongwa na gari katika Barabara ya Nyerere. Kamanda wa Polisi Mkoa wa Mwanza amethibitisha kutokea kwa ajali hiyo na kusema chanzo ni mwendesha baiskeli kukatisha barabara ghafla bila kuchukua tahadhari. Mwili umehifadhiwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando. Jeshi la Polisi linatoa wito kwa watumiaji wote wa barabara kuzingatia sheria.

Habari hiyo nimeitunga mimi na haimhusu mtu yeyote, lakini msomaji wa Kanda ya Ziwa hataona kigeni ndani yake. Ukizifuatilia habari za ajali kwa muda, unaweza kuiandika inayofuata kabla haijatokea. Unabadilisha mtaa na umri tu. Kila sentensi yake inaweza kuwa kweli tupu, na bado ukimaliza kuisoma hujui kilichotokea. Gari lilikuwa kwenye mwendo gani? Ilikuwa mchana au saa moja jioni, na taa za barabarani zilikuwa zinawaka? Mahali pale lami ina bega la kutosha baiskeli, au inaishia kwenye mtaro? Na yule mtu alikuwa anakwenda wapi hata akalazimika kukatisha pale?

Maswali hayo ndiyo ajali yenyewe. Neno "chanzo" katika habari zetu humtafuta mtu mmoja aliyekosea, na mara nyingi humpata yule aliyelala mochwari. Barabara haiulizwi kitu.

Kinachofanya jambo liwe la ghafla

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ile Sura ya 168, inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Madereva wote wanajua, na trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo anajua zaidi. Ugumu wa Mwanza ni kwamba barabara kuu za taifa ndizo hizo hizo barabara za sokoni. Barabara ya Nyerere inapita Mabatini, Buzuruga, Nyakato na Igoma, lakini kwa dereva wa masafa hiyo ni njia ya Musoma na Sirari. Barabara ya Kenyatta kwa mkazi ni Igogo, Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Buhongwa. Kwa dereva wa lori ni mwisho wa safari iliyoanzia Dar es Salaam, na tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, ni mlango wa Sengerema na Geita pia. Mtu aliyekuwa porini na mwendo wa 80 kwa saa nyingi haoni mji unaanzia wapi. Nyumba zinasogea kidogo kidogo, fremu za maduka zinaongezeka, na mguu wake bado uko palepale.

Sasa chukua hesabu ndogo. Gari likiwa na kasi ya kilomita 50 kwa saa linakula karibu mita 14 kila sekunde. Kwa 80 linakula mita 22. Kwa 30, mita nane na kidogo. Mwendesha baiskeli anaingia barabarani gari likiwa umbali wa mita 40. Dereva wa kasi 30 ana karibu sekunde tano za kumwona, kuamua na kukanyaga breki. Dereva wa kasi 80 ana chini ya sekunde mbili, na katika hizo karibu moja nzima inaishia kichwani kabla mguu haujafika kwenye breki. Tendo la mwendesha baiskeli ni lile lile, kwa mwendo ule ule wa pedeli. Kwa dereva wa kwanza ni mtu anavuka. Kwa wa pili "amekatisha ghafla".

Ndiyo maana sentensi hiyo, ikisimama peke yake, haielezi chochote. Ughafla wa jambo unapimwa kutoka nyuma ya usukani, na kipimo chake ni kasi ambayo habari haikuitaja.

Upande wa mgongano ni mbaya zaidi. Nishati ya kitu kinachotembea hukua kwa mraba wa kasi yake, kwa hiyo gari la kilomita 60 kwa saa lina nishati mara nne ya lile la 30, wala si mara mbili. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kasi ya wastani ikipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali kuua hupanda kwa asilimia 4 hivi. Ndiyo sababu mkutano wa mawaziri wa usalama barabarani uliofanyika Stockholm mwezi Februari 2020 ulitaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari yanachanganyika na waenda kwa miguu na baiskeli. Mkuyuni jioni ni mahali pa namna hiyo kabisa. Nani atakwenda 30 pale bila tuta au rasta, sijui. Kibao peke yake hakijawahi kumpunguza kasi dereva aliyechelewa.

Nafasi, kona na giza

Anayebeba mkaa kwa baiskeli ya Phoenix kutoka nje ya mji ana magunia nyuma kwenye keria, na upana wake si wa baiskeli tena. Akipanda kilima, na Mwanza haina uhaba wa vilima, mwendo unapungua na usukani unaanza kuyumba. Hilo ni la kawaida kwa baiskeli yoyote: inasimama wima kwa sababu inatembea. Pembeni yake lami imeliwa kingo, na kati ya lami na udongo pana kingo ya kushuka inayotosha kumwangusha. Mbele kidogo daladala imesimama kushusha abiria, halafu bajaji, halafu mchanga ulioletwa na mvua kutoka mlimani, halafu mtaro ulio wazi. Kwa hiyo mtu huyu anasogea ndani ya lami. Habari itaandika kwamba aliendesha katikati ya barabara. Aliendesha mahali pekee palipokuwa na barabara.

Nchi nyingine zimeliandika hili kwenye sheria kwa kulielekeza kwa anayempita. Ufaransa inamtaka dereva aache angalau mita 1 mjini na mita 1.5 nje ya mji anapompita mwenye baiskeli. Kipimo hicho kina sababu: basi au lori kubwa linapopita karibu husukuma upepo, na upepo huo unamyumbisha mtu mwenye mzigo hata kama bodi haikumgusa.

Kona zinaua kwa njia isiyoonekana kirahisi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo. Kwa kuwa tunaendesha kushoto, hatari kubwa ni lori linalokata kushoto. Dereva amekaa kulia, juu, na upande wa kushoto chini ya kabini haoni vizuri hata akiwa na vioo. Lori refu halikati kona kwa mstari mmoja. Kwanza dereva analivuta kulia kidogo ili apate nafasi, na mwendesha baiskeli aliye nyuma upande wa kushoto anaona pengo linafunguka mbele yake, anadhani lori linakwenda kulia au linanyoosha. Anaingia. Kisha lori linakata, na magurudumu ya nyuma hayafuati njia ya yale ya mbele. Yanapita ndani zaidi, karibu na ukingo, pale pale baiskeli ilipo. Anayeangalia kutoka dukani ataapa kwamba mwenye baiskeli alijipeleka mwenyewe chini ya tairi. London waliona vifo vya waendesha baiskeli vikihusisha malori kupita kiasi kulingana na uchache wa malori barabarani, na tangu mwaka 2021 malori makubwa yanahitaji kibali kinachotegemea dereva anaona kiasi gani kutoka kwenye kabini. Yaani jiji liliacha kuuliza kwa nini huyu aliingia, likauliza kwa nini yule hakuweza kumwona.

Giza ni fupi kueleza. Tuko jirani na Ikweta, jua la Mwanza huzama karibu saa 1 jioni mwaka mzima na giza huingia upesi, saa ile ile watu wanapotoka kazini na viwandani. Taa ya dinamo huwaka tairi linapozunguka na huzimika baiskeli inaposimama, kwa hiyo anayesubiri kuvuka makutano ndiye haonekani kabisa.

Haya hayamaanishi kwamba waendesha baiskeli hawana makosa. Wanayo, na baadhi ni ya kujitakia. Kupita kinyume ni moja. Wengi hufanya hivyo wakiamini ni salama kuliona gari linalokuja kuliko kulisikia mgongoni, na kwa barabara iliyonyooka mantiki hiyo inavutia. Lakini dereva anayetoka barabara ya mtaani akitaka kukata kushoto huangalia kulia tu, kwa kuwa ndiko magari yanakotokea. Mwenye baiskeli anayekuja kwa kinyume, kutoka kushoto, hayumo machoni mwake. Breki za rodi nazo, mvua ikinyesha na rimu ya chuma ikilowa, zinashika kwa kuchelewa, na wengi wanaendesha wakati wa mvua kama vile ni kiangazi. Haya yakiandikwa kwa kina yangeokoa watu. "Hakuchukua tahadhari" haimfundishi mtu yeyote lolote.

Nani yuko juu ya baiskeli

Usukuma ni nchi ya baiskeli. Hata jina la bodaboda lilizaliwa kwenye baiskeli zilizobeba abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, upande wa Busia, kabla pikipiki hazijalirithi. Mjini Mwanza pikipiki za bei nafuu zilipofika kwa wingi, abiria walihama, na waliobaki juu ya baiskeli ni wale ambao mafuta ni gharama wasiyoimudu: wauza mkaa, wauza maziwa wanaoingia na madumu alfajiri kutoka upande wa Kisesa na Usagara, walinzi wa usiku, mafundi, wanafunzi. Huyu si mtu anayenunua gazeti. Hana wakili, hana chama cha kumsemea kama walivyo na vyama madereva wa daladala na bodaboda. Dar es Salaam wana umoja wao, UWABA, ambao umekuwa ukidai njia za baiskeli. Huku kwetu sauti ya namna hiyo haisikiki.

Kuna jambo jingine linalotokea wanapopungua. Mwaka 2003 mtafiti wa Marekani, Peter Jacobsen, alilinganisha miji na nchi mbalimbali na kuonyesha kwamba pale wenye baiskeli na waenda kwa miguu walipo wengi, hatari ya kila mmoja wao kugongwa huwa ndogo. Maelezo yake makuu ni kwamba madereva hubadilika wanapowazoea. Lipindue sasa. Mji unaowatisha wenye baiskeli hadi wakapungua unawaacha wachache waliobaki katika hatari kubwa zaidi, na wakati huo huo jumla ya vifo inaweza kushuka. Kwenye mkutano na waandishi itasemwa kwamba ajali za baiskeli zimepungua. Ni kweli zimepungua, kama ambavyo ajali za mitumbwi zingepungua ziwa likikauka.

Jinsi habari inavyopikwa

Sina nia ya kuwashambulia waandishi. Mwandishi wa mkoani mara nyingi ni wa kujitegemea, analipwa kwa habari iliyotoka, na nauli ya kwenda eneo la tukio inatoka mfukoni mwake. Taarifa ya polisi inakuja imeandikwa tayari, ina majina, umri, namba ya gari na chanzo. Mhariri yuko Dar es Salaam na anataka habari fupi leo. Kamanda wa mkoa ndiye msemaji. Askari aliyepima umbali pale barabarani haruhusiwi kuongea. Chini ya masharti hayo, habari inayotoka ndiyo hiyo tunayoisoma.

Tatizo kubwa liko kwenye saa zenyewe. Taarifa ya siku ya kwanza inategemea waliokuwepo na wanaoweza kusema, na kwenye ajali ya gari na baiskeli, anayeweza kusema ni dereva. Mwingine amekufa au yuko Bugando hana fahamu. Dereva hahitaji kudanganya. Yeye kwa kweli aliona mtu "ghafla", na hayo ndiyo atakayoeleza. Maelezo yake yanaingia kwenye taarifa, taarifa inasomwa redioni, na jioni yanakuwa chanzo cha ajali, bila mtu yeyote kusema yalitoka kwa nani. Mchoro wa ajali, alama za breki na ripoti ya mkaguzi wa magari huja baadaye, na wakati huo mwandishi yuko kwenye habari nyingine.

Lugha inamalizia kazi. Angalia nani anatenda nini katika habari hizi. Mwendesha baiskeli alikatisha, aliingia, alishindwa, hakuchukua. Upande wa pili gari liligonga, lori liliacha njia, breki zilifeli. Dereva anajitokeza mwisho, anaposhikiliwa au anapokimbia. Mwaka 2019 kundi la watafiti wa Marekani, akiwemo Kelcie Ralph na Tara Goddard, walichambua habari 200 za magazeti ya nchini mwao kuhusu magari kugonga waenda kwa miguu na baiskeli, na wakakuta mtindo huo huo: aliyegongwa ndiye kiini cha sentensi, dereva haonekani, na karibu hakuna habari iliyoihusisha ajali moja na nyingine zilizotokea mahali hapo. Kisha wakafanya jaribio. Watu karibu elfu moja walisomeshwa habari ya ajali moja ya mwenda kwa miguu ikiwa imeandikwa kwa namna tatu tofauti. Waliosoma ile iliyomtaja dereva kama mtendaji walimlaumu aliyegongwa kwa kiasi kidogo zaidi. Waliosoma ile iliyoongeza maelezo ya barabara na ajali nyingine za hapo waliunga mkono zaidi marekebisho ya barabara badala ya kuwafundisha tu wavukaji. Ukweli wa ajali haukubadilishwa hata kidogo; ni mpangilio tu.

Nchini Uingereza kulichapishwa mwongozo wa kuripoti migongano ya barabarani mwaka 2021, ulioratibiwa na mwandishi Laura Laker pamoja na Chuo Kikuu cha Westminster. Kati ya mambo unayowataka waandishi ni kumtaja dereva pale ambapo gari lilikuwa na dereva, na kutotaja kofia ya mwendesha baiskeli kama haihusiani na kilichotokea. Sioni kwa nini Mwanza isingeweza kuwa na wake. Mkoa huu una redio na televisheni zinazosikika nchi nzima, na pale Malimbe, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kimewafundisha sehemu kubwa ya waandishi wa nchi hii. Wanafunzi wa uandishi wanapita Nyegezi kila siku. Eneo la mafunzo liko mlangoni.

Na habari ile ya mwanzo ingeandikwaje? Labda hivi: "Dereva wa lori amemgonga na kumuua mwendesha baiskeli mkazi wa Igoma jana saa 1:15 jioni katika Barabara ya Nyerere. Polisi wanamshikilia dereva na hawajasema lori lilikuwa na kasi gani. Kwa mujibu wa maelezo ya dereva kwa polisi, mwendesha baiskeli alikatisha mbele yake. Wafanyabiashara wa eneo hilo wanasema taa mbili za barabarani hazijawaka tangu mwezi uliopita na kivuko cha karibu kiko mbali." Sentensi ni nne, idadi ile ile ya habari ya mwanzo. Haimhukumu dereva, na imeeleza nani alisema nini. Sentensi ya mwisho ingempa mhariri habari ya pili bila kutafuta.

Takwimu na mwenye barabara

WHO, katika ripoti yake ya mwaka 2023, ilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa waenda kwa miguu, wenye pikipiki na wenye baiskeli. Kwa Tanzania, ripoti iliyotangulia ya mwaka 2018 ilionyesha jambo la kufikirisha: vifo vilivyoripotiwa rasmi kwa mwaka 2016 vilikuwa zaidi kidogo ya 3,200, huku makadirio ya shirika hilo yakizidi 16,000. Mtu anaweza kubishana na njia ya kukadiria, na serikali za nchi nyingi hubishana. Lakini ukiona pengo la mara tano, ujue kuna watu wanaopotea katikati, na mwenye baiskeli ni mmoja wa wepesi kupotea. Aliyegongwa na kupelekwa nyumbani bila PF3, ile fomu ya polisi kwa majeruhi, hamo. Aliyefia wodini wiki tatu baadaye anaweza kuwa kwenye daftari la hospitali asiwe kwenye la polisi, ingawa kipimo cha kimataifa ni kumhesabu kila anayekufa ndani ya siku 30. Gazeti lililoandika "majeruhi wawili" halirudi kuuliza kama bado ni majeruhi.

Barabara nazo zina wenyewe, na ni vizuri kujua nani ni nani kabla ya kulalamika kwa mtu asiyehusika. Zile kuu, kama Nyerere na Kenyatta, ziko chini ya TANROADS. Za mitaani ni za TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017. Jiji la Mwanza linasimamia Nyamagana, na ng'ambo ya mpaka usioonekana kuna Manispaa ya Ilemela. Anayetoka Kirumba na mzigo wa dagaa wa Mwaloni kwenda Nyegezi amepita mikononi mwa ofisi kadhaa kabla hajafika. Mwandishi anayetaka kuuliza kwa nini mahali fulani hapana bega la lami inabidi aanze kwa kujua anamwuliza nani, na ofisi zinajua kwamba wengi hawajui.

Marekebisho yanayofaa si ya kigeni wala ya gharama ya kutisha. Shirika la usalama barabarani la Amend liliuanzia Dar es Salaam mradi wake wa SARSAI, wa kuweka matuta, vivuko na njia za miguu kuzunguka shule zenye ajali nyingi, na mradi huo ukapata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI mwaka 2019. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu ilipitisha mpango wa usafiri endelevu mwaka 2020 unaotanguliza waenda kwa miguu na baiskeli, na barabara za katikati ya mji zikajengwa upya kwa njia pana za pembeni. Njia peke yake haitoshi, kama anavyojua yeyote aliyeona njia za baiskeli za Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, zilivyogeuka njia za bodaboda. Inahitaji kizuizi, na inahitaji mtu wa kuisimamia. Wiki ya Nenda kwa Usalama, pamoja na stika zake, haitoshi pia.

Familia inapobaki na gazeti

Kuna madhara ya habari hizi yasiyozungumzwa sana, nayo ni ya fedha. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Mwendesha baiskeli aliyegongwa ndiye huyo mtu wa tatu. Akiumia anaweza kudai. Akifa, wategemezi wake wanaweza kudai. Lakini familia iliyosikia redioni kwamba baba "alikatisha ghafla" huamini kesi imekwisha, inakubali ubani wa mwenye gari na nauli ya kusafirisha mwili, na jambo linaishia hapo. Taarifa ya redioni si hukumu. Kuna mchoro wa ajali, kuna ripoti ya ukaguzi wa gari, kuna mahakama ambayo inaweza kumkuta dereva na kosa hata kama aliyegongwa naye alikosea. Bila PF3 kwa majeruhi na nyaraka za polisi, madai yanakuwa magumu tangu mwanzo, kwa hiyo ndugu anapaswa kuzifuatilia siku za mwanzo, wakati bado watu wako msibani na hakuna anayetaka kwenda kituoni.

Gari lililokimbia bila kusomwa namba linaiacha familia bila kampuni ya kudai. Likisomwa namba, mtu yeyote mwenye simu anaweza kuangalia kwenye TIRA MIS, mfumo wa mamlaka ya bima, kama lina bima hai na ni ya kampuni gani. Magazeti yetu huandika namba ya gari karibu kila mara, kwa mazoea tu ya taarifa ya polisi. Katika habari nzima, hiyo ndiyo taarifa moja ambayo mjane anaweza kuikata na kwenda nayo ofisini.